Hadithi, Kilio na Sala



Somo letu la leo latupeleka Makobola, katika nchi ya Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko, tangu tarehe 30 Desemba 1998 hata tarehe 2 Januari 1999, askari waliwaua raia wengi; ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yataja zaidi ya watu 800. Mwenye kufiwa namna hiyo huuliza: Maisha yangu yana maana gani tena? Kuuliza hivyo si kukosa imani.

Swali: Je, hadithi za wazee zamfaa Mkristu?

Jibu: Ndiyo. Wanyanga wa Kivu ya Kaskazini husimulia habari za Mwindo. Baba yake hakutaka mwana wa kiume, akaamuru afungiwe ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Mwindo akaokoka, akamfuata baba yake hata kuzimu. Alipompata hakumwua, bali alimrudisha nyumbani. Na baba akakiri kosa lake mbele ya watu. Hadithi hii si Injili, lakini yatuonyesha kwamba amani ya kweli huanza uovu unapoungamwa. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwataka Wakristu wazitambue kwa furaha mbegu za Neno zilizofichika katika mapokeo ya mataifa.

Swali: Je, ni dhambi kumlalamikia Mungu?

Jibu: Si dhambi. Zaburi nyingi ni mashairi ya maombolezo. Yezu mwenyewe, alipotundikwa msalabani, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, ambayo huanza kwa kilio cha aliyeachwa na kumalizika kwa sifa.

Swali: Basi, sala yaongeza nini?

Jibu: Hadithi hutufundisha, kilio huutoa uchungu nje, sala humpelekea uchungu huo Yeye asikiaye. Sala haifuti makaburi, wala haimkatazi mtu kudai haki. Humjulisha tu kwamba hakulia peke yake.

Zoezi: Jioni ya leo, mzee wa nyumba asimulie hadithi moja. Kisha tajeni majina ya marehemu wenu, mkasali Baba Yetu polepole. Mkifika penye maneno ya kusamehe, msiharakishe. Na asiyeweza bado kuyatamka kwa moyo wote, amwombe Mungu nguvu; hiyo nayo ni sala.

Mungu awabariki.