Fahamu: Nani hukagua maji ya bomba ya Moshi, na kwa mizani gani?

Maji ya Moshi, ambayo sehemu yake hububujika katika chemchemi za Nsere na Shiri, hayathibitiki kuwa salama kwa sababu ya ubaridi na weupe wake, bali kwa kupita katika ukaguzi ambao sheria imeufaradhisha.

Dhamana ya kwanza ni ya MUWSA, mamlaka ya maji ya mji, ipaswayo kuyatibu maji na kuyapima tangu chanzo hadi bomba la mteja. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani huhifadhi vyanzo na kutoa vibali vya kutumia maji yake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, hutoa leseni na kusimamia utii wa masharti. Na vijijini amana hiyo ni ya wakala wa maji, RUWASA, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 2019.

Hupimwa nini? Bakteria wa kinyesi wasionekane kabisa katika mililita 100. Klorini, kwa nasaha ya Shirika la Afya Duniani, isipungue miligramu 0.2 kwa lita ifikapo bombani. Na floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, jambo lenye uzito hasa kwetu, kwani miamba ya volkano ya Kilimanjaro na Meru huweza kuizidisha, ikatia meno ya watoto rangi ya kahawia na kudhoofisha mifupa.

Basi mwananchi aonaye maji yamebadilika rangi au harufu na aiarifu mamlaka bila taksiri, na asiporidhika alifikishe shauri EWURA, maana ukaguzi hautimii pasipo ushahidi wa mnywaji.