Mabuku za Kusoma Kabla Ushuke Chalbi

Mbogi za Nai zikianza kupanga form ya Chalbi, stori huwa ni ile ile. Nani ako na Land Cruiser, mafuta itakula ngapi, tubebe mitungi ngapi ya maji, nani atapika. Hiyo yote ni fiti, na maji usiwahi cheza nayo. Lakini cheki venye tripu nyingi huishia. Watu wanafika pale kwa chumvi nyeupe, wanapiga mapicha wakiruka juu, wanaona ni uwanja mkubwa hauna kitu, na kesho yake mangware wanataka kurudi tao. Chalbi iko na vitu mob. Hapo chini ya viatu zako palikuwa ziwa kitambo sana, na mvua ikiamua, panarudi kuwa maji na matope hadi ndai zinakwama. Shida ni tunaenda bila kujua tunaangalia nini. Mimi msimamo wangu ni mmoja: jangwa inasomwa ukiwa bado kwa keja, kabla hujapanda basi ya Isli.

Sasa ukiuliza watu wakupee buku ya jangwa, wa kwanza atakutajia The Alchemist ya Paulo Coelho, wa pili Dune ya Frank Herbert. Sina noma na hizo. Dune ilitoka 1965 na bado inakufunza kuheshimu tone la maji. Lakini Sahara ya Coelho ni ya ndoto, na jangwa ya Herbert iko sayari ingine. Wewe unaenda Marsabit. Utapita Isiolo, lami itakusukuma hadi Marsabit mjini, halafu utaiacha uingie njia ya Maikona, Kalacha, North Horr. Anza na mabuku zinajua hiyo njia.

Ukiwahi buku moja tu kwa hizi zote, wahi Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor. Inaanzia Nai, mwisho wa 2007, kura zimeharibika, na chali anaitwa Odidi Oganda anakimbizwa kwa barabara hadi risasi za makarao zinamwangusha. Budake na sistake Ajany wanampeleka nyumbani, na nyumbani ni Wuoth Ogik, keja ya zamani imesimama peke yake huko kwa nchi kavu ya kaskazini. Ikifika hapo, siri zinaanza kufukuka: zile za wakati wa mkoloni, zile za baada ya Tom Mboya kuuawa 1969, za mzungu alipotea na mtoto wake amekuja kumtafuta. Na kuna mathe wa hiyo familia, Akai Lokorijom, Mturkana, ambaye akiingia kwa ukurasa unasahau wengine wote.

Nakwambia ukweli, lugha yake si ya kuteremka haraka. Sentensi zinakatika, zinaruka, zinarudi. Kurasa za kwanza utasoma mara mbili. Usisare. Hiyo buku ilishinda Jomo Kenyatta Prize 2015, lakini sababu yangu ya kuipigia debe ni ingine. Sisi wa tao tumefunzwa kuona kaskazini kama mahali nje ya Kenya, ile upande ya ramani iko na rangi ya kahawia na majina machache. Owuor anageuza hiyo ramani. Kwake, vitu Kenya ilificha vyote vilienda kuzikwa huko. Ukimaliza hiyo buku, hutaweza kuangalia ile nchi kavu useme ni tupu.

Ya pili si hadithi. Inaitwa The Gabra: Camel Nomads of Northern Kenya, na imeandikwa na Paolo Tablino, padri Mtaliano aliishi Marsabit miaka mob. Paulines waliitoa 1999. Ni buku ya utafiti, haina mbwembwe, na kuna kurasa zimejaa majina ya koo hadi kichwa inachoka. Hizo ruka. Enda moja kwa moja kwa stori ya kalenda. Wagabra wa huko Chalbi wanaita miaka yao kwa siku za wiki. Kuna mwaka wa Ijumaa, unafuatwa na wa Jumamosi, hadi saba ziishe halafu inaanza tena. Kwa hivyo mzee wa Kalacha akikwambia jambo lilifanyika mwaka wa Jumatatu, hamaanishi siku moja kwa wiki, anamaanisha mwaka mzima, na wenye walikuwa hai wanajua ni Jumatatu gani juu wanakumbuka mvua ilikuwaje na ngamia wangapi walidedi. Msee hajasoma hii atadhani mzee amechanganyikiwa. Msee amesoma atanyamaza asikize.

Na hapo kwa barabara, ukiona ngamia amebeba miti imepindwa na mikeka imekunjwa, ujue hiyo ni keja yote inahama. Mwenye aliijenga ni mama, na jioni wakifika penye wanafika, ataijenga tena. Tablino anaeleza hiyo kazi vizuri, na mimi nadhani hiyo sehemu pekee inatosha kulipia buku.

Mbogi mingi haiishii Chalbi. Inasonga hadi Loiyangalani, kwa Ziwa Turkana, ziwa kubwa zaidi la jangwani duniani kwa yale hayakauki. Hapo kuna mabuku za wazungu, na lazima niongee juu yao vizuri. Mwaka wa 1888, Count Sámuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel walifika hilo ziwa na wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria, kama hakukuwa na watu wanaoishi hapo wakivua na kunywesha mifugo. Jina hilo lilikwama hadi 1975. Von Höhnel aliandika hiyo safari, lakini buku yenyewe ni nzito na ya zamani, achia wale wanapenda historia sana. Ya kusoma ni Journey to the Jade Sea ya John Hillaby, ilitoka 1964. Alitembea kwa miguu na ngamia hadi kwa ziwa. Anaandika jiwe, kiu na malengelenge hadi miguu yako inauma ukiwa kwa kochi. Isome, lakini ukisoma uulize kila mara: hawa wasee wanaongoza ngamia, wanaojua maji iko wapi, wao walikuwa wanafikiria nini kuhusu hii safari? Buku haiwapi nafasi ya kujibu. Ukifika Loiyangalani, tafuta watoto na wajukuu wa watu kama hao na uwape hiyo nafasi wewe.

Ukipenda riwaya ya kukuweka macho usiku, The Constant Gardener ya John le Carré, ya 2001, mwisho wake uko hapo kwa ziwa, na filamu ya 2005 walikuja kuipiga Loiyangalani yenyewe. Inahusu kampuni za dawa na miili ya maskini. Inaumiza na inasomeka haraka.

Buku yenye ilinibadilisha venye naangalia mchanga ni ya mifupa. The Wisdom of the Bones, ya Alan Walker na Pat Shipman, ilitoka 1996. Ni stori ya kijana wa Turkana, yule wa Nariokotome, upande wa magharibi wa ziwa. Aliishi kama miaka milioni moja na nusu imepita, na mifupa yake ni kati ya zile kamili zaidi za umri huo ziliwahi kupatikana. Mwenye alimwona kwanza ni Mkenya, Kamoya Kimeu, 1984. Hebu fikiria alichoona: kipande kidogo cha fuvu kwa kokoto, na rangi yake karibu moja na hizo kokoto. Msee mwingine yeyote angekanyaga apite. Kimeu aliinama. Kutoka kwa hicho kipande walichimba hadi wakapata karibu mtu mzima. Hiyo ndio maana ya kuangalia jangwa, na ndio maana nasema usome kwanza. Kabla ya safari pitia National Museum hapo Nai, uone mambo ya huyo kijana, halafu ndio uende.

Za nje ya Kenya ningeanza na Gold Dust ya Ibrahim al-Koni. Al-Koni ni Mtuareg wa Libya, na alijifunza Kiarabu akiwa tayari na miaka kumi na mbili. Stori ni ya kijana anaitwa Ukhayyad na ngamia wake wa madoadoa. Huyo ngamia anashikwa na upele mbaya, na kijana anafanya kila kitu amponye. Halafu njaa inakuja, na anaanza kupima ngamia, bibi, mtoto, heshima na dhahabu. Ni fupi, na ni katili. Ukishaisoma, ngamia wa Kalacha hawatakuwa tu vitu vya kupigia picha. Utaelewa kwa nini Mgabra anajua sura ya kila mmoja wake.

Thesiger nitamtaja haraka. Arabian Sands yake, ya 1959, ni stori ya venye alikata ile jangwa kubwa ya Rub' al Khali na vijana wa Rashid, bin Kabina na bin Ghabaisha. Baadaye huyo mzee aliishi Maralal miaka mingi, na Maralal iko kwa njia ingine ya kwenda Loiyangalani, kwa hivyo ukipita hapo unajua.

Kuna moja ya kusomeana kwa sauti usiku, moto ukiwaka. Antoine de Saint-Exupéry alikuwa rubani, na mwisho wa Disemba 1935 ndege yake ilianguka kwa jangwa ya Libya. Yeye na fundi wake karibu wadedi kwa kiu, hadi Mbedui akawapata. Ameieleza kwa Wind, Sand and Stars. Halafu 1943 akatoa ile ya mtoto anatoka kwa nyota na kukutana na rubani amekwama jangwani, na hiyo iko kwa Kiswahili, Mwana Mdogo wa Mfalme, ya Mkuki na Nyota. Mpokezane. Kila mtu asome sura moja. Nyota za Kalacha zikiwa juu hivyo, hakuna mtu ataitisha spika.

Sasa doh. Mabuku mpya ni ghali, hiyo tusifichane. McMillan Library pale Banda Street iko wazi kwa wote tangu zile siku za ubaguzi wa mkoloni ziishe, anzia hapo. Kisha kuna wale wasee wameanika mabuku kwa gunia huko Tom Mboya Street na Moi Avenue. Msee atakwambia ni soo nne, ongea naye polepole ufike soo mbili, na usimkasirikie juu hiyo ndio wera yake. Lakini kabla utoe chapaa, shika buku, ifungue katikati kabisa na uangalie mgongo ndani. Kama gundi ni ya manjano na inapasuka ukiikunja, iache. Joto ya Chalbi itamaliza kazi, kurasa zitaanza kutoka moja moja, na huko Loiyangalani upepo ni ule unazungusha mitambo 365 ya umeme, hautakurudishia ukurasa. Cheki pia ukurasa wa mwisho uko. Halafu kila buku ifunge kwa karatasi yake ya nailoni, juu mchanga wa huko ni unga na unaingia kila mahali.

Kusoma kwa simu? Unaweza, ukiwa kwa basi. Kwa jua ya mchana huko, skrini huoni, simu inashika joto hadi inajizima, na chaji utaitaka kwa mambo ya maana zaidi. Karatasi haitaki chaji. Saa ya kusoma ni mchana, saa sita hadi saa tisa, wakati hata mbuzi wamelala kwa kivuli. Asubuhi na jioni ni za kutembea na kubonga na watu. Msee akiketi na buku jioni wakati wazee wanapiga stori, amechagua vibaya.

Na mwisho, ombi. Huko juu, mabuku ni haba. Tangu 1996, maktaba ya taifa imekuwa ikitumia ngamia kupeleka mabuku kwa watoto wa Garissa, juu gari na barabara hazifiki kila mahali, na bado watoto ni wengi kuliko mabuku. Kwa hivyo kama mnaenda na ndai, acheni nafasi ya boksi moja ya mabuku za shule ya huko. Msiwabebee masazo ya keja, vitabu vya sheria na magazeti ya zamani. Pigieni mwalimu mkuu simu kabla, muulize wanataka nini. Mara nyingi watataka hadithi za Kiswahili za watoto na vitabu vya darasa vya mtaala wa sahi. Nunueni hizo, na kwa ukurasa wa kwanza wa kila moja muandike jina la shule. Lenu si lazima.