Diski Bandia ya Shingo na Takwimu Zinazopanda

Tangu Julai 2007, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipoidhinisha diski bandia ya shingo iitwayo Prestige ST, upasuaji wa kubadilisha diski umeongezeka sana nchini humo, hasa baada ya diski nyingine, Mobi-C, kuruhusiwa mwaka 2013 kuwekwa hata sehemu mbili zinazofuatana. Wapo wanaoona ongezeko hilo ni ushahidi kwamba njia ya zamani ya kuunganisha pingili za shingo imepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Takwimu hizo zinaonyesha pia nani ana bima inayokubali kulipa, na nani daktari amemwona anafaa.

Upasuaji wa aina zote mbili huanza vilevile: daktari hupasua mbele ya shingo, husogeza kando umio na njia ya hewa, kisha huondoa diski inayobana mshipa wa fahamu. Tofauti huja baadaye. Katika njia hiyo ya zamani, iliyoshika kasi miaka ya 1950, pengo huzibwa kwa kipande cha mfupa au kifaa, mara nyingi pamoja na bamba na skrubu, hadi pingili mbili zigeuke mfupa mmoja. Diski bandia, ambayo mara nyingi ni vibamba viwili vya chuma vyenye plastiki ngumu katikati, huiacha sehemu hiyo iendelee kupinda na kugeuka. Matumaini ni kuzipunguzia mzigo pingili za jirani, maana mwaka 1999 mtafiti Hilibrand na wenzake walikadiria kuwa takriban robo ya waliounganishwa pingili hupata maradhi mapya jirani na hapo ndani ya miaka 10.

Watetezi wa diski hunijibu kwamba majaribio ya Mobi-C yaliyofuatilia wagonjwa kwa miaka 7 yalionyesha waliowekewa diski mbili walirudi chumba cha upasuaji mara chache zaidi kuliko waliounganishwa pingili. Ni kweli, na jambo hilo lina uzito. Lakini majaribio mengi ya kuombea idhini yaligharimiwa na watengenezaji, na daktari aliyeamua nani arudishwe kupasuliwa alijua fika mgonjwa amewekewa nini. Aidha, wenye mifupa iliyodhoofika, pingili zisizo imara au viungo vya nyuma vilivyochakaa kwa kawaida hawawekewi diski, huunganishwa pingili. Ukichukua kumbukumbu za hospitali ukalinganisha makundi hayo mawili, unalinganisha kijana mwenye afya na mzee mwenye maradhi kadhaa, kisha unakipa kifaa sifa zote. Bima nazo, ambazo nyingi mwanzoni ziliita diski bandia jambo la majaribio, zilipolegeza masharti zilisukuma idadi juu bila shingo za Wamarekani kubadilika hata kidogo.

Diski yenyewe ina kasoro zake: kwa baadhi ya wagonjwa mfupa huota kuizunguka hadi ikaacha kusogea, na faida iliyonunuliwa ikapotea. Tena maumivu mengi ya shingo yanayoshuka mkononi hupungua kwa wiki au miezi kadhaa kwa dawa na mazoezi ya viungo, bila kisu. Mgonjwa ambaye mkono wake haujaanza kupoteza nguvu ana haki ya kuambiwa hilo kabla hajaonyeshwa kifaa chochote.