Flashi Iliyofungiwa Sandukuni

Askari ahamishwapo kituo, picha za harusi na za watoto mara nyingi hubaki nyumbani ndani ya flashi, sandukuni. Je, zi salama?

Kumbukumbu ambayo kompyuta huifanyia kazi, aliyoibuni Robert Dennard wa Marekani na kupewa hataza mwaka 1968, ni ndoo inayovuja: chaji zake hujazwa upya zaidi ya mara 15 kwa sekunde, na umeme ukikatika yote hupotea. Flashi, aliyoitangaza Fujio Masuoka wa Japani mwaka 1984, huzifungia chaji nyuma ya kuta zisizopitisha umeme, ikakaa miaka bila kuchomekwa popote. Lakini nayo huvuja, polepole mno, na joto huzidisha. Basi chini ya bati si mahali pake. Aliyebaki nyumbani azinakili picha hizo kwenye flashi nyingine, wala asingoje mwenzake arudi likizo.