Saa ya Mlangoni na Dakika za Mgonjwa

Saa moja na nusu asubuhi, watumishi wa zamu hupanga foleni mbele ya mashine ya alama za vidole. Muuguzi ambaye ncha za vidole vyake zimelika kwa sabuni na spiriti hujaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mashine humkataa, naye huandikwa amechelewa ilhali alifika kabla ya wenzake. Alasiri, mpokeaji zamu akikawia, muuguzi huyohuyo hubaki wodini kuangalia dripu na kukabidhi wagonjwa mmoja baada ya mwingine. Muda huo wa ziada mara nyingi hauonekani katika ripoti yoyote.

Hata hivyo mashine hiyo haikuletwa bure. Mama mjamzito aliyetembea mwendo mrefu hadi zahanati na kukuta kufuli mlangoni ana haki ya kuuliza mhudumu yuko wapi, na daftari la mahudhurio, ambalo mtu mmoja aweza kutia saini za watatu, halimpi jibu. Upimaji wa muda wa kazi una uhalali wake. Linalobaki ni kujua kifaa kinapima nini hasa.

Katika wilaya ya Udaipur nchini India, wauguzi wa vituo vya vijijini waliwekewa mashine za kugonga tarehe na saa, na utoro ukaambatanishwa na kukatwa mshahara. Wachumi Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Rachel Glennerster walifuatilia jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Miezi ya mwanzo mahudhurio yalipanda sana. Kisha uongozi wa afya ukaanza kuruhusu siku za udhuru, zikaongezeka mwezi hadi mwezi, na baada ya takribani miezi 16 hapakuwa tena na tofauti kati ya vituo vyenye mashine na visivyo nazo. Mashine zilikuwapo, utashi wa kuzisimamia ndio uliokwisha.

Na mhudumu akiwapo kitini, je? Swali hili lilichunguzwa Arusha na Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, ambao matokeo yao yalitoka mwaka 2006. Hawakutegemea saa. Waliwauliza wagonjwa waliokuwa wakitoka chumbani yale waliyotendewa: je, tabibu aliuliza homa ilianza lini, alimpima mtoto, alieleza dawa? Watafiti walipoingia chumbani kutazama, ubora wa huduma ulipanda mara moja. Baada ya wagonjwa kati ya 10 na 15 ukarudi pale ulipokuwa. Tabibu aliyefanya vizuri zaidi mbele ya mgeni ni yuleyule wa jana, mwenye elimu ileile na vifaa vilevile. Saa ya mlangoni isingeweza kuonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa siku zote alikuwa kazini. Aliyeiona ni mgonjwa, na pengine ndiye mpimaji anayesahauliwa kuliko wote.

Hesabu hugeuka sumu pale idadi ya wagonjwa kwa saa inapofanywa kuwa kipimo cha bidii. Anayemwona mgonjwa kwa dakika nne bila kugusa tumbo lake huonekana hodari kuliko anayekaa dakika kumi na tano akimfundisha mgonjwa wa kisukari kutunza miguu. Kidonda kitakachozuiwa na dakika hizo hakina safu katika fomu.

Ipo namna nyingine ya kuhesabu muda, ambayo humlinda mtumishi badala ya kumvizia. Shirika la Afya Duniani lina mbinu iitwayo WISN, inayoanza na kazi yenyewe: huduma fulani, ikifanywa kwa kiwango kinachokubalika, huchukua muda gani? Chukua mfano wa kubuni. Mwaka una siku za kazi 260. Ukiondoa likizo, sikukuu, ugonjwa na mafunzo, zikabaki 210. Kwa saa 8 kila siku, mtumishi mmoja ana saa 1,680. Kliniki yenye mahudhurio 9,000 kwa mwaka, kila moja dakika 20, inahitaji saa 3,000, yaani watumishi 1.8 hivi. Lakini robo ya muda wao huishia kwenye rejesta, vikao, usafi wa vifaa na kuagiza dawa. Ikihesabiwa nayo, wanahitajika takribani 2.4. Kama yupo mmoja, uwiano wake ni 0.42, na kila kilicho chini ya 1 humaanisha kazi imezidi watu.

Mbele ya namba hiyo, foleni ndefu husomeka upya. Mgonjwa aliyesubiri tangu saa mbili hadi saa sita hakusubiri kwa sababu muuguzi ni mvivu. Muuguzi naye hakosi adabu anapokataa kupunguza dakika zake 20 kuwa nane. Muuguzi kiongozi anayekwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na malalamiko ya uchovu huambiwa avumilie. Anayekwenda na rejesta za miezi 12, muda wa kila huduma na ile 0.42, huwa amebeba hoja ambayo ofisi inalazimika kuijibu kwa hesabu nyingine.