Fire Emblem: Ankoku Ryū to Hikari no Tsurugi

Fire Emblem: Ankoku Ryū to Hikari no Tsurugi (maana yake kwa Kiswahili: "Joka la Giza na Upanga wa Nuru") ni mchezo wa video kutoka Japani uliotengenezwa na kampuni ya Intelligent Systems na kutolewa na Nintendo tarehe 20 Aprili 1990 kwa ajili ya mashine ya Famicom. Ni mchezo wa kwanza katika mfululizo wa Fire Emblem, na ni miongoni mwa michezo iliyoweka msingi wa aina inayounganisha mkakati wa vita na uigizaji wa wahusika.

Mchezo huu unajulikana hasa kwa kanuni moja: mhusika akiuawa vitani, harudi tena. Kanuni hiyo inagusa karibu kila sehemu nyingine ya mchezo, kuanzia namna ya kusogeza askari hadi namna hadithi inavyoendelea. Tangu mwaka 1990 imekuwa pia chanzo cha sifa na cha malalamiko.

Hadithi

Hadithi inatokea katika bara la kubuni la Akaneia. Mhusika mkuu ni Marth, mwana wa mfalme wa Altea. Nchi yake imetekwa, baba yake ameuawa, na dada yake Elice amechukuliwa mateka. Marth mwenyewe amekimbilia kisiwa cha Talys. Maadui wake wakuu ni Medeus, joka anayetawala milki ya Dolhr, na mchawi Gharnef.

Mchezo unaanza pale maharamia wanapoishambulia Talys, na Shiida, binti wa mfalme wa kisiwa hicho, anapomwomba Marth msaada. Kutoka hapo Marth anaondoka na kikosi kidogo, anaelekea bara, na jeshi lake linakua kadiri anavyokomboa nchi moja baada ya nyingine. Baadaye Nyna, binti wa mfalme wa Akaneia, anamkabidhi ngao iitwayo Fire Emblem, ambayo ndiyo asili ya jina la mfululizo. Ili kumshinda Medeus, Marth anautafuta upanga wa Falchion, ambao babu yake wa kale Anri aliutumia kumuua joka huyohuyo miaka mia moja kabla. Hadithi imegawanywa katika sura 25, na kila sura ni pigano moja katika ramani yake.

Uchezaji

Ramani na zamu

Kila ramani imegawanywa katika miraba, kama ubao wa sataranji. Mchezaji husogeza askari wake wote katika zamu yake, kisha kompyuta husogeza maadui wote. Aina ya ardhi ina athari: msitu na milima hupunguza mwendo lakini humsaidia askari kukwepa mapigo, na ngome humrudishia askari aliyesimama ndani yake sehemu ya uhai wake. Wapanda farasi huenda mbali zaidi ya askari wa miguu, na wanaopanda farasi wenye mabawa hupita juu ya maji na milima, ingawa mishale huwadhuru vibaya.

Sura nyingi humalizika Marth anapofika kwenye kiti cha enzi au lango la ngome na kuliteka. Hakuna mwingine anayeweza kulifanya hilo kwa niaba yake. Kwa hiyo mchezaji hawezi kumficha kiongozi nyuma ya jeshi, ingawa Marth akifa mchezo wote umekwisha.

Mapigano

Pigo hukokotolewa kwa hesabu rahisi: nguvu za mpigaji hujumlishwa na uwezo wa silaha, kisha ulinzi wa anayepigwa hutolewa. Kwa mfano, askari mwenye nguvu 6 anayetumia upanga wenye uwezo 5 dhidi ya adui mwenye ulinzi 4 huondoa pointi 7 za uhai. Anayepigwa hurudisha pigo ikiwa bado yu hai na silaha yake inafika. Kasi ya askari hupungua kutokana na uzito wa silaha aliyoshika, na mwenye kasi kubwa anaweza kupiga mara mbili. Wapiga mishale hushambulia kwa umbali wa miraba miwili, hivyo hawawezi kujibu wanaposhambuliwa na adui aliye karibu nao.

Kila silaha ina idadi maalumu ya matumizi, kisha huvunjika. Silaha bora hununuliwa kwa fedha au hupatikana kwenye masanduku na vijiji, na ni Marth peke yake anayeweza kuingia vijijini. Mchezaji hulazimika kuamua ni lini silaha nzuri itumike na ni lini iwekwe akiba.

Kukua kwa askari

Askari hupata pointi za uzoefu kwa kupigana, na kila anapofikisha pointi 100 hupanda ngazi moja. Sifa zake, kama vile nguvu, kasi na ulinzi, zinaweza kuongezeka wakati huo, lakini kwa bahati: kila mhusika ana uwezekano wake wa kuongezeka kwa kila sifa. Baadhi ya askari waliofika ngazi ya 10 wanaweza kupandishwa cheo kwa kutumia kifaa maalumu.

Kwa kuwa kila sura huchezwa mara moja tu, uzoefu ni mali ya kugawanywa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Jagen, mpanda farasi mzee anayemlinda Marth tangu mwanzo. Katika sura za kwanza yeye ni imara kuliko vijana wote, lakini sifa zake hazikui vizuri. Mchezaji akimwachia Jagen kila adui, atashinda kwa urahisi mapema, kisha atajikuta na vijana wasio na uzoefu mbele ya maadui wakubwa. Michezo iliyofuata katika mfululizo imeendelea kumweka mhusika wa aina hii, na mashabiki humwita "Jagen" hata kama ana jina lingine.

Kifo na athari zake

Katika michezo mingi ya kuigiza wahusika ya wakati huo, aliyeanguka vitani aliweza kurudishwa kwa dawa, kwa uchawi au kwa kulipa fedha. Hapa hali ni tofauti. Fimbo moja tu, iitwayo Aum, inaweza kumfufua mtu, nayo hupatikana karibu na mwisho wa mchezo. Wengine wote waliokufa wamekwenda, pamoja na ngazi walizopanda.

Hasara hiyo haiishii kwenye nguvu za jeshi. Wahusika wengi hujiunga na Marth kwa sababu mtu fulani amezungumza nao uwanjani. Castor, mpiga mishale anayepigana upande wa adui, huhama baada ya Shiida kumsogelea na kuzungumza naye. Ndivyo ilivyo pia kwa Navarre, mtu hodari wa upanga anayeonekana katika sura ya tatu. Shiida akiwa ameshauawa, watu hao hubaki kuwa maadui wa kuuawa. Vivyo hivyo, msichana wa ukoo wa majoka aitwaye Tiki, aliyefungwa na uchawi wa Gharnef, hukombolewa na mzee Bantu. Bila Bantu, Tiki hawezi kuokolewa.

Watengenezaji walijua kwamba wachezaji wangepoteza watu, ndiyo maana wanaoweza kujiunga na jeshi wanazidi 50, na wapya huendelea kutokea hadi sura za mwisho. Mchezaji aliyefiwa na askari kadhaa bado anaweza kufika mwisho. Hata hivyo, wachezaji wengi hawakukubali hasara: askari wao alipokufa, walizima mashine na kuanza sura upya.

Utengenezaji

Intelligent Systems, kampuni ya mjini Kyoto yenye uhusiano wa karibu na Nintendo, ilikuwa tayari imetengeneza Famicom Wars, mchezo wa vita uliotolewa mwaka 1988. Katika mchezo huo askari na vifaru hununuliwa kwa fedha, hawana majina, na kimoja kikiharibiwa kingine hununuliwa.

Wazo la Fire Emblem lilitoka kwa Shouzou Kaga, ambaye ndiye aliyebuni mchezo na kuandika hadithi yake. Kaga alitaka kuunganisha mipango ya vita na hadithi ya watu ambao mchezaji angewajali. Kwa mtazamo huo, kifo cha kudumu hakikukusudiwa kuwa adhabu tu: kila mchezaji angebaki na hadithi yake mwenyewe, kulingana na nani aliishi na nani alikufa. Keisuke Terasaki alikuwa mwongozaji, Gunpei Yokoi mtayarishaji, na Yuka Tsujiyoko alitunga muziki.

Kikwazo kikubwa kilikuwa kumbukumbu ndogo ya kaseti za Famicom. Kaseti ya mchezo huu ilitumia chipu ya MMC4, ambayo ilitumika katika michezo mitatu tu: Famicom Wars, mchezo huu, na Fire Emblem Gaiden wa mwaka 1992. Ilikuwa pia na betri ya kuhifadhi maendeleo ya mchezaji. Hata hivyo picha zilibaki za kawaida, na makamanda kadhaa wa adui hutumia picha ileile ya uso.

Mapokezi

Mwanzoni mauzo hayakuwa mazuri. Mchezo ulilaumiwa kwa picha zake na kwa ugumu wa kuuelewa. Hali ilibadilika pale makala katika gazeti la michezo la Famitsu ilipousifu, na wachezaji wenyewe wakaanza kuambiana habari zake. Mauzo yaliongezeka polepole, na mafanikio hayo yalifungua njia ya michezo iliyofuata.

Urithi

Hadithi ya Marth ilisimuliwa upya katika Fire Emblem: Monshō no Nazo, uliotolewa mwaka 1994 kwa mashine ya Super Famicom. Nje ya Japani wengi walimfahamu Marth kwa mara ya kwanza kupitia Super Smash Bros. Melee ya mwaka 2001. Mchezo wa kwanza wa mfululizo kuuzwa nje ya Japani ulitoka mwaka 2003 kwa mashine ya Game Boy Advance.

Mwaka 2008 mchezo wa awali ulitengenezwa upya kwa Nintendo DS kwa jina la Fire Emblem: Shadow Dragon. Toleo hilo liliongeza sura za ziada zinazofunguka tu ikiwa jeshi limepungua sana. Nia ilikuwa kuwasaidia waliopoteza watu wengi, lakini waliowalinda askari wao walilazimika kuwatoa kafara ili kuziona sura hizo, jambo lililolaumiwa.

Miaka miwili baadaye, Fire Emblem: Shin Monshō no Nazo uliruhusu wachezaji kuchagua hali ambayo walioanguka hurudi katika sura inayofuata. Fire Emblem Awakening wa mwaka 2012 uliendeleza chaguo hilo na kuwavutia wachezaji wengi wapya. Baadhi ya mashabiki wa zamani waliona kwamba uzito wa kila uamuzi umepungua. Wengine waliona kwamba hadithi sasa inawafikia watu wengi zaidi. Hali ya kifo cha kudumu imeendelea kuwepo kwa wanaoitaka.

Mchezo wa mwaka 1990 wenyewe ulitolewa kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza tarehe 4 Desemba 2020 kwa mashine ya Nintendo Switch, katika kuadhimisha miaka 30 ya mfululizo, na mauzo yake yalisimamishwa baada ya tarehe 31 Machi 2021. Toleo hilo liliongezewa uwezo wa kurudisha zamu nyuma, hivyo mchezaji aliweza kufuta kosa lililomgharimu askari bila kuanza sura upya.