Pawa benki: pima uzito kabla ya kulipa
Ukiwa Kariakoo ukashika pawa benki iliyoandikwa mAh 20,000 lakini nyepesi kama pakiti ya biskuti, irudishe mezani. Nyingi hufungwa betri za lithiamu zenye umbo la betri za tochi. Moja hubeba mAh 2,000 hadi 3,500 na ina gramu 45 hivi. Kufikia 20,000 zinatakiwa sita au zaidi, karibu gramu 300 bila ganda. Wajanja hujaza mchanga, kwa hiyo itikise karibu na sikio. Hasara ya fedha ni ndogo. Betri duni hupata joto, huvimba, hata kuwaka moto, na ndiyo hiyo mtoto hulala nayo chini ya mto. Ikivimba, usiichaji tena wala usiitoboe.